Kila ugomvi urudi kwa mwenyewe

Swali la msomaji: "Nina miaka 38, nimeoa, tuna watoto wawili. Ni msimamizi wa zamu kwenye ghala. Meneja wangu hubadilisha ratiba usiku kwa WhatsApp, na asubuhi mambo yakienda kombo ananisema mbele ya vijana ninaowaongoza. Najibu 'sawa bosi', nameza. Nikifika nyumbani jambo dogo tu, mtoto kaacha viatu mlangoni au mke kaniuliza habari ya ada, nafoka. Baadaye najuta, naomba msamaha, kesho yake yale yale. Juzi mke wangu kaniambia, 'Siku hizi tukisikia geti tunanyamaza.' Maneno hayo hayajanitoka. Usiku silali vizuri, kifua kinabana. Nifanyeje? Niache kazi?"

Ndugu yangu, kabla ya yote, hicho kifua. Usikubali mtu yeyote, mimi nikiwemo, akuambie kwa maandishi kwamba ni msongo tu. Wiki hii nenda ukapimwe presha na moyo. Ukipata maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi, begani au kwenye taya, yakiambatana na jasho la baridi, kichefuchefu au kuishiwa pumzi, usingoje wiki: nenda hospitali saa hiyohiyo. Daktari akisema moyo u mzima, ndipo tutasema kubana huko huenda ni misuli iliyokaza na pumzi fupi.

Jambo la pili nakuuliza kwa heshima. Nyumbani wananyamaza kwa kuchoka, au kwa woga? Kama umewahi kumpiga mkeo au mtoto, kumsukuma, kuvunja vitu au kumzuia mtu asitoke chumbani, basi hatua za wanandoa nitakazoeleza hapa chini si mahali pako pa kuanzia. Anza na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili, peke yako, na usalama wa waliomo ndani utangulie. Mwanamke anayeogopa hawezi kukaa mezani "kujadiliana" na anayemwogopa. Kama hayo hayajatokea, endelea kusoma.

Ile sentensi ya mkeo imebeba jibu zima. Hawanyamazi kwa sababu ya viatu wala ada. Wameshajua kwamba anayeingia kaja na ugomvi ambao haukuanzia humo. Ugomvi wako una mwenyewe, naye ni meneja wako. Kwa kuwa kwake haukutoka, umetafuta pa kutokea, na ukatokea kwa watu wasioweza kukufukuza kazi. Ndiyo maana kuomba msamaha kila jioni hakujasaidia. Unaziba ndoo inakovuja huku bomba liko wazi.

Kwa hiyo una kazi tatu, na mpangilio wake ni muhimu: kuutuliza mwili kabla hujaingia ndani, kutengeneza kilichovunjika nyumbani, na kumrudishia meneja mazungumzo yaliyo yake. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokuogopesha, lakini bila hiyo mbili za kwanza zitashika kwa wiki chache tu kisha zitaachia.

Kinachotokea mwilini

Ukisemwa mbele ya watu, mwili wako huipokea aibu kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, taya na mabega yanakaza. Homoni ya kotisoli hufuata polepole zaidi, na kilele chake hufika dakika 20 hadi 30 baada ya tukio. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Wewe hufanyi lolote kati ya hayo, unasema "sawa bosi" na kusimama palepale.

Tukio moja kwa siku mwili wenye afya unalimudu, unapanda na kushuka wenyewe. Kinachoumiza ni kukosa nafasi ya kushuka. Saa 2 asubuhi umesemwa, saa 7 unalirudia kichwani ukila, saa 11 jioni unajibishana na meneja kimoyomoyo ukiwa kwenye usafiri, saa 4 usiku simu inaita na ratiba mpya. Kila ukilifikiria, mwili unaitika kana kwamba linatokea upya. Unafika nyumbani kikombe kimejaa pomoni; kiatu cha mtoto hakikuongeza maji, kimekigusa tu.

Kuna jambo jingine linalokuhusu moja kwa moja. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayomchosha mtu kuliko zote si ile yenye mengi ya kufanya, bali ile yenye mengi ya kufanya na nafasi ndogo ya kuamua. Hapo ndipo ulipo: lawama ya zamu ni yako, ratiba si yako. Likizo ya siku 10 itakupumzisha, kisha utarudi kwenye hali ileile. Unachohitaji zaidi ya mapumziko ni kupata sauti katika jambo moja au mawili ya kazi yako.

Njia ya kutoka kazini hadi mlangoni

Dakika 5 za mwisho kazini, kabla hujabeba begi, chukua karatasi. Andika yaliyobaki, na mbele ya kila moja andika utaanzia wapi na saa ngapi. "Kumalizia ripoti" haitoshi. "Ripoti ya upungufu: kesho saa 2:30 asubuhi, naanza na hesabu za rafu ya tatu" inatosha. Watafiti Masicampo na Baumeister walichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyoonyesha kwamba shughuli ambayo haijaisha huacha kumsumbua mtu kichwani akishaiwekea mpango mahsusi, hata kama yenyewe bado haijaguswa. Akili inachotaka kujua ni lini na wapi. Chini ya karatasi hiyo andika, kwa sentensi moja, jambo lililokuuma leo. Moja tu. Ikunje, iache kazini.

Njiani fanya zoezi la pumzi. Vuta hewa kwa pua mpaka mapafu yajae, juu yake ongeza kipumzi kifupi cha pili, kisha toa yote polepole kwa mdomo mpaka iishe. Endelea hivyo dakika 5. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia watu waliofanya hivi dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, na hisia zao njema ziliongezeka kuliko za wenzao waliofanya tafakuri ya kimya kwa muda uleule. Kazi inafanywa na kule kutoa hewa, maana unapotoa polepole mapigo ya moyo hupungua. Wanaokosea huvuta kwa nguvu na kwa haraka, wakapata kizunguzungu na ganzi vidoleni. Hiyo ni hewa ya kabonidioksidi imepungua mno kwenye damu. Likikutokea hilo, acha, pumua kawaida, na ukirudia fanya taratibu zaidi. Ukiwa unaendesha gari, lifanye ukiwa umeegesha.

Kisha tembea dakika 10 kabla ya kufika. Shuka mapema kidogo, au zunguka mtaa mmoja zaidi. Na katika dakika hizo usimpigie mwenzio wa kazini kumsema meneja. Najua watu wengi huambiwa "toa hasira yako nje, usiiweke ndani", na ushauri huo umeharibu jioni nyingi. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alilinganisha watu waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi na wengine waliokaa tu wametulia. Waliopiga mfuko ndio waliobaki na hasira kubwa zaidi. Kumsimulia mtu ili upate njia ya kutoka ni jambo jema, lakini kusimulia ili kupashana moto kunakufikisha nyumbani ukiwa umechemka kuliko ulivyoondoka.

Sasa mlango wenyewe. Kaa na mkeo siku ambayo nyote mmetulia, mkubaliane kuhusu dakika 20 za kwanza. Unaingia, unawasalimu vizuri kila mmoja kwa jina, unaoga, unabadilisha nguo. Habari za ada, bili na makosa ya watoto zinangoja dakika hizo 20. Watoto waambiwe wazi: "Baba anaoga kwanza, akitoka tunaongea." Na umwambie mkeo umefika na kiasi gani: "Leo nimefika na 7 kati ya 10." Namba hiyo inamwondolea kazi ya kubahatisha uso wako. Lakini si kibali cha kufoka. Aliyefika na 7 ana wajibu mkubwa zaidi wa kujichunga, si mdogo.

Mpango huu huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni simu: ukikaa nayo bafuni na kitandani dakika hizo 20, meneja kaingia nawe. Ya pili ni kuzigeuza dakika 20 kuwa jioni nzima, ukaoga ukajifungia. Kumbuka pia kwamba mkeo naye ametoka kwenye siku yake, awe alikuwa kazini au alikuwa na watoto. Muulize naye leo ana ngapi. Akiwa na 8 na wewe una 5, wewe ndiye wa kushika watoto akapumzike.

Hasira ikishapanda

Siku nyingine haya yote hayatatosha, na mtajikuta katikati ya ugomvi. Hapo kuna kipimo kimoja chenye manufaa. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, alikuwa akiwapima mapigo ya moyo wakiwa katika kubishana. Mapigo yakivuka 100 kwa dakika, mtu hasikii tena anachoambiwa. Anasubiri zamu yake ya kushambulia. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 25 umefika 100. Kama huwezi kuhesabu, sikiliza maneno yako mwenyewe: ukijikuta unarudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi, umeshavuka.

Hapo ombeni mapumziko, na namna ya kuyaomba ndiyo kila kitu. Ukisema "Wewe tulia kwanza", umewasha moto. Ukiondoka bila neno, umesusa. Sema hivi: "Nimepanda. Nahitaji dakika 30. Saa 3 kamili narudi hapa sebuleni tuendelee." Humo mna hali yako (si kosa lake), muda, na ahadi ya kurudi. Chini ya dakika 20 mwili hauwahi kushuka. Mkilaza jambo kwa siku kadhaa, linageuka kinyongo.

Ndani ya dakika hizo 30 usitunge majibu. Ukikaa kitandani ukipanga "nitamwambia hivi, na akisema vile nitamwambia vile", mapigo yatabaki palepale na utarudi na silaha mpya. Fanya kitu cha mikono: kunja nguo, osha vyombo, fagia uani.

Na aliyeomba mapumziko ndiye anayerudi. Mbinu hii hufia hapa katika nyumba nyingi. Mume anasema "dakika 30", anakwenda kulala. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu mke akisikia "dakika 30" anajua ni kukimbiwa, kwa hiyo anamfuata hadi chumbani, anaongea akiwa amesimama mlangoni. Mume anasema, "Unaona? Hata kupumzika haniachi." Kila mmoja ana hakika kuwa mwenzake ndiye tatizo, kumbe kilichovunjika ni ile saa 3 kamili. Weka kengele ya simu. Ikilia ukiwa bado umepanda, rudi useme, "Bado sijashuka, niongeze dakika 20." Hata hilo ni kurudi.

Mkianza tena, anza na tukio, kisha lilivyokugusa, kisha ombi. Usiseme "Wewe kila siku ni pesa, pesa." Sema, "Nikiulizwa ada nikiwa bado mlangoni, nahisi nimebanwa. Naomba tuiongelee saa 3 tukiwa tumekaa, nitakuwa na hesabu mkononi." Ombi liwe la kitendo kinachoweza kuonekana. "Naomba uniheshimu" halijulikani lilipoanzia wala lilipoishia. Maneno "kila siku" na "hata siku moja" yaondoe kabisa, kwa sababu mwenzio ataacha hoja aanze kutafuta ile siku moja aliyofanya.

Kuna kitu kimoja cha kuacha leo, usingoje mazoezi: dharau. Kumwigiza sauti, kubetua midomo, kumcheka akiwa analia, kumwita jina baya. Gottman aliiona dharau kuwa dalili ya wazi kuliko zote kwamba ndoa inaelekea kuvunjika. Hasira huisha kwa jioni moja, ila neno la dharau mtu hukaa nalo miaka.

Msamaha unaoeleweka

Msamaha wako umechuja kwa sababu haujabeba kitu kipya. Utakaosikika una kitendo chenyewe, madhara yake, na utakachobadilisha, bila "lakini". "Samahani kwa jana, lakini nawe ulinichokoza" ni mashtaka yaliyovikwa kanzu.

Kwa watoto, mwombe kila mmoja peke yake, ukiwa umechuchumaa macho yakutane. "Jana nilikufokea sababu ya viatu. Kosa lilikuwa dogo, sauti yangu ilikuwa kubwa. Nimekosea. Viatu bado vinakaa kwenye rafu." Angalia hiyo sentensi ya mwisho, usiiache. Mzazi mwenye majuto hupenda kufuta na sheria yenyewe, halafu wiki ijayo anaifokea upya. Wala usimweleze mtoto habari za meneja kwa kirefu. Mtoto anayesikia kila siku kwamba baba anateseka kazini huanza kubeba wasiwasi usio wa umri wake.

Kumrudishia meneja lililo lake

Una malalamiko mawili: ratiba za usiku na kusemwa hadharani. La pili linauma zaidi, lakini nakushauri uanze na la kwanza. Ratiba ina saa na hesabu, na meneja anaweza kukubali bila kuonekana ameshindwa. Ukishaongea naye mara moja kwa utulivu, la pili litakuwa jepesi mdomoni.

Anza na daftari la wiki 2. Kila badiliko andika tarehe, saa ujumbe ulipofika, kilichobadilika, na lililotokea kazini kwa sababu hiyo. Usiweke vivumishi. "Alinivuruga tena" haitakusaidia. Itakayokusaidia ni kama hii: "Jumanne, saa 4:40 usiku: zamu imesogezwa kutoka saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Watu 3 kati ya 9 hawakuona ujumbe. Upakiaji ulianza umechelewa dakika 50." Ukiandika hivi utagundua na jambo jingine, pengine mabadiliko mengi yanatoka kwa mteja mmoja au siku moja ya wiki, na hilo ni suluhisho nusu tayari.

Omba muda ukitaja mada, kusudi asije amejikinga: "Mkuu, naomba dakika 15 kesho baada ya kikao, kuhusu ratiba za zamu." Isiwe siku aliyokusema, isiwe koridoni, isiwe dakika za kufunga kazi. Mkikaa, sema kwa sauti ya kawaida:

"Mkuu, katika wiki 2 hizi ratiba imebadilika mara 6 baada ya saa 3 usiku. Mara 4 upakiaji ulichelewa kwa kuwa baadhi ya watu hawakuona ujumbe. Naomba mabadiliko yatufikie kabla ya saa 12 jioni. Likiwa la dharura, nipigie simu, nitapokea."

Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10 ikibidi. Hapa ndipo watu wengi waungwana huharibu: kimya kinawaelemea, wanaongeza wenyewe, "lakini kama haiwezekani si neno." Umeomba na umejinyima kwa pumzi moja.

Akikubali, siku hiyohiyo mwandikie mistari miwili ya kumshukuru na kutaja mlichokubaliana, ili kiwe kwenye maandishi. Akisema "Kazi ndivyo ilivyo," usibishane na hilo, lina ukweli wake. Mpe chaguo: "Naelewa mabadiliko hayaepukiki. Kati ya saa ya kutoa taarifa na njia ya kuitoa, tuanze kurekebisha lipi?" Au, bora zaidi, jitolee kitu kinachokupa sauti: "Niandae rasimu ya ratiba kila Alhamisi, wewe uipitishe." Meneja anayepanga ratiba saa 4 usiku mara nyingi ni mtu aliyezidiwa, na anayempunguzia mzigo husikilizwa. Akikasirika, usimfuate huko: "Naona si wakati mzuri, mkuu. Naomba tuendelee keshokutwa." Inuka, na keshokutwa urudi kweli.

Ratiba ikishatulia kidogo, ingia kwenye la kusemwa. Pale pale linapotokea una sentensi moja tu: "Nimekuelewa, mkuu. Naomba tulimalizie ofisini." Usijitetee mbele ya vijana, hata kama una haki. Ofisini sema: "Nikikosea niambie, nitarekebisha. Ila nikiambiwa mbele ya vijana, kesho nikiwapa amri hawanisikii, na kazi inayoharibika ni ya idara yetu sote. Naomba uniite pembeni." Hapo hukuomba huruma, umemwonyesha na yeye anapoteza nini.

Ukiwa kwenye jambo hili, jiangalie wewe na hao vijana unaowaongoza. Msimamizi anayesemwa kila asubuhi hujikuta naye anawasema kila mchana, na wao wana nyumba za kurudi.

Mazungumzo mawili yakipita bila badiliko, peleka suala kwa maandishi kwa ofisi ya utumishi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na daftari lako likiwa kiambatisho. Nakala yake isikae kwenye simu ya kazi. Lakini kama kuna matusi, vitisho, kuguswa au kutakwa kimapenzi, usianze na hatua hizi za kistaarabu. Huo si mgogoro wa kazi, ni unyanyasaji. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na jambo la namna hiyo huripotiwa moja kwa moja.

Usiku

Mkishakubaliana kuhusu simu ya dharura, zima mlio wa kundi la WhatsApp kuanzia saa 3 usiku na simu ilale nje ya chumba. Tumia saa ya kengele kuamkia. Ujumbe uliousoma saa 4 usiku unakuibia usingizi hata usipoujibu. Kahawa na chai nzito ziishie saa 8 mchana, kwa sababu kafeini ya kikombe cha saa 10 jioni, kwa wastani nusu yake bado imo mwilini saa 3 usiku. Pombe inakulaza haraka na kukuamsha katikati ya usiku. Ukikaa macho kama dakika 20, inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Zile dakika 10 za kutembea ukizirefusha hadi 30 za mwendo wa haraka kwa siku 5, umetimiza dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima.

Kuacha kazi

Usiamue sasa. Mtu asiyelala huona milango miwili tu, kuvumilia au kuondoka. Jipe wiki 8 kuanzia siku utakapoongea na meneja kwa mara ya kwanza. Kila Jumapili andika namba tatu: ratiba imebadilishwa usiku mara ngapi, ni siku ngapi umelala pungufu ya muda wa saa sita, na umefoka nyumbani mara ngapi. Namba zikishuka, hata polepole, una kazi inayotengenezeka. Ya kwanza ikibaki palepale baada ya mazungumzo mawili na barua, anza kutafuta kwingine ukiwa bado na mshahara. Na ikiwa ratiba imetulia, umelala, na kufoka bado kuko vilevile, basi meneja hakuwa chanzo chote. Mtafute mshauri nasaha mwende naye taratibu.

Usingoje wiki 8 ukiona haya matatu kwa pamoja: uchovu usioondoka hata baada ya siku za mapumziko, kuichukia kazi uliyokuwa ukiipenda, na kushindwa mambo uliyoyamudu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliyataja matatu hayo kama sura ya kuchoshwa kabisa na kazi. Muone mtaalamu mapema. Na ukifikia kuwaza kwamba heri usingekuwepo, mwambie mkeo usiku huohuo na uende hospitali.

Ile namba ya tatu ya Jumapili, ya kufoka, usiiandike wewe. Mpe mkeo daftari aijaze, na wewe usiibishie.